Alipoishia Kunisindikiza

Kwetu mgeni haachwi atoke mlangoni peke yake. Anasindikizwa. Nilikulia upande wa Dongobesh, na mama yangu angekusamehe ukivunja chungu cha maji, lakini si ukimwacha shangazi yako aondoke huku wewe umekaa jikoni unaota moto. Unainuka, unampokea mkoba, unatembea naye. Na mambo yote ya maana yanasemwa huko njiani. Ndani ya nyumba ni shikamoo na marahaba, habari za huko, habari za mvua, habari za ng'ombe, na zote ni nzuri hata kama ng'ombe alikufa jana. Mkishavuka zizi ndipo mtu anapunguza mwendo na kusema, "Sasa, kuna jambo." Nimesikia habari za posa, za mimba, za mashamba yenye ugomvi na za magonjwa mabaya, zote nikiwa nimeshika mkoba wa mtu njiani. Sikumbuki hata moja niliyoisikia nikiwa nimeketi.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililokuja kunitesa kazini.

Mimi ni muuguzi. Miaka ile mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, wengine wakiandika Arusha kwenye anwani zao kwa mazoea, na mimi nilikuwa hospitali moja ya Katesh, wilayani Hanang. Nilichaguliwa kuingia kwenye utafiti wa watu waliopata mshtuko wa moyo. Nilishangaa hata kusikia kwamba tunao wagonjwa wa kutosha. Kwa watu wetu mshtuko wa moyo ulikuwa ugonjwa wa matajiri wa mjini wenye vitambi. Mkulima akishikwa na kifua shambani, walisema ni tumbo limepanda, wakampa uji. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata majumbani wale waliotoka hospitali wakiwa hai, Nangwa, Gehandu na vijiji vya jirani, kuona wanaendeleaje.

Mwanzoni tulitumia maswali yetu wenyewe. Tuliyatunga mimi na daktari wa utafiti, mtu mpole asiyependa kelele, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi. Unaweza kukamua ng'ombe hadi mwisho bila kupumzika? Unaweza kutoka kisimani na ndoo ya maji? Unalala chali, au unaegemea kitu? Jibu likija ndani ya nyumba niliandika ndani, likija njiani nilisimama, nikaweka karatasi juu ya goti na kuandika njiani. Hakuna aliyenikataza.

Kisha siku moja daktari alirudi kutoka kwenye mkutano na bunda la madodoso mapya. Watafiti wa moyo wa nchi mbalimbali walikuwa wamekubaliana kupima matokeo kwa namna moja. Maswali yale yale, mpangilio ule ule, alama zile zile, kila mahali. Mimi nilinuna. Nilikuwa nimeyazoea maswali yangu, na sipendi kunyang'anywa kitu kinachofanya kazi.

"Sista," daktari aliniambia, "unakumbuka wanunuzi wa maharage walipoanza kumiminika huku?"

Nani asiyekumbuka? Biashara ilipoachiwa huru na kila mwenye lori akawa mnunuzi, kila mmoja alikuja na debe lake. Madebe yenyewe yalikuwa yamegongwa kwa ndani hadi yakatokeza matumbo, na magunia yao ya lumbesa yalivishwa kilemba juu. Baba alipima maharage nyumbani, akafika mnadani akaambiwa hayatoshi. Alirudi akiwa amekasirika na hana wa kumkasirikia.

"Na sisi watafiti ndivyo tulivyo," daktari akasema. "Huyu anasema wagonjwa wake wamepona, kwa debe lake. Yule anasema wake hawajapona, kwa debe lake. Ukiuliza dawa ipi inasaidia zaidi, hakuna anayejua. Sasa tumepata mizani moja."

Alikuwa sahihi. Ndiyo maana jambo hili linaniuma hadi leo, kwa kuwa hakuna mjinga ninayeweza kumtupia lawama nikalala usingizi.

Tukaenda semina. Tulifundishwa kwamba swali lisomwe kama lilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Liulizwe ndani, mahali tulivu, kabla ya mazungumzo mengine na kabla ya kula au kunywa chochote, ili kila mgonjwa popote alipo aulizwe katika hali moja. Akishajibu swali la mwisho anaweka sahihi au dole gumba, na fomu imefungwa. Kinachosemwa baada ya hapo si jibu.

Nikanyoosha mkono. "Na akisema njiani, wakati ananisindikiza?"

Mwezeshaji, dada wa mjini mwenye viatu vizuri, alinitazama kwa upole wa mtu asiyeelewa. "Njiani wapi?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilikaa chini.

Miongoni mwa wagonjwa wangu alikuwako mzee mmoja wa Gehandu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la kijivu alilolivaa hata juani, mkulima wa mahindi na mbaazi na mwenye ng'ombe wachache. Mshtuko ulimkuta akilima na maksai. Alikaa kwenye mtaro wa jembe akasema anapumzika kidogo, na mke wake alipomwona anatoka jasho huku upepo ukivuma ule wa kwetu wa kung'oa bati, akajua hapo hakuna mapumziko. Walimleta hospitali nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya alizeti. Alipona. Au niseme alitoka akitembea.

Daktari aliniambia moyo wa mzee yule ulibaki na jeraha, na unaweza kuchoka polepole. Mashine ya kuutazama haikuwapo kwetu. Ilikuwa hospitali kubwa, nje ya mkoa. Utafiti ulikuwa na gari na ulilipia kila kitu, lakini kwa wale tu ambao alama zao za dodoso zilishuka chini ya mstari uliowekwa. Alama zikishuka, gari linakuja mpaka kijijini kukuchukua. Zisiposhuka, unaendelea na vidonge vyako na dada wa maswali anarudi baada ya muda. Mzee alihitaji gari lile, na kulipata ilibidi aseme anaumwa, ndani ya nyumba, kabla ya chai.

Nilipokwenda na dodoso jipya mara ya kwanza, alinipokea kama kawaida.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Habari za Katesh?"

Mke wake alikuwa ameshaweka sufuria ya chai jikoni. Nikamwomba asubiri kwanza, nimalize kazi. Alinitazama kana kwamba nimeomba aung'oe mlango. Nikasoma. Katika mwezi uliopita, ulipata shida kiasi gani kupanda ngazi za ghorofa moja bila kupumzika?

Mzee alifikiri kwa makini, maana alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa. "Ghorofa niliipanda Arusha," akasema, "nikiwa kijana. Nilikwenda kwa wakili. Sikupata shida."

Kulikuwa na kisanduku cha "hakufanya shughuli hii", nikaweka alama hapo. Kuvaa nguo? Hakuna shida. Kuoga? Hakuna shida. Kutembea mahali tambarare? Hakuna shida. Kifua kubana? Hakuna shida, tunamshukuru Mungu. Akaweka sahihi yake ndefu ya mtu aliyesoma shule ya misheni, tukanywa chai, akavaa kofia na kunisindikiza.

Kutoka nyumbani kwake hadi barabarani njia inapita zizini, kisha kwenye ua wa minyaa, kisha pembeni ya shamba la mbaazi, inashuka korongo, inapanda, ndipo unafika magari yanapopita. Zamani alinifikisha barabarani na kusimama nami mpaka pikapu lije. Siku ile alisimama ukingoni mwa korongo.

"Mimi nitaishia hapa," akasema. Akavuta pumzi. "Sasa, kuna jambo. Hiki kilima kimekuwa kirefu. Nikishuka, kupanda ni kazi. Na usiku naegemea ukuta."

Fomu ilikuwa kwenye mkoba, imefungwa, ina sahihi. Nikamwambia, "Mzee, kwa nini hukusema pale ndani?"

Alishangaa kweli. "Pale ndani ulikuwa mgeni. Nikuambie kuumwa hata chai hujanywa?"

Mara iliyofuata aliishia kwenye ua wa minyaa, akashika tawi bila kujali utomvu. Aliniambia miguu inavimba, kwamba viatu amempa jirani. Ndani alikuwa amesema hakuna shida. Ziara nyingine akaishia zizini, akiegemea nguzo ya lango kana kwamba anahesabu ng'ombe wake, akaniambia mengine kwa sauti ya chini ili mke wake asisikie. Ndani, hakuna shida. Nilikuwa nakwenda kwake kwa hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya kipuuzi. Sikuogopa atakachosema. Niliogopa kuona safari hii ataishia wapi.

Nilijaribu. Nisije nikaonekana mtu aliyekaa na kutazama tu. Nilimwambia njiani, waziwazi, kwamba maneno ya njiani hayaandikwi, kwamba akiyasema ndani kama anavyonisemea huku gari litakuja. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nikisema ninaumwa, nitapewa gari?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hao wengine wanaojibu vizuri hawapewi?"

"Hawapewi."

Akatikisa kichwa. "Binti yangu, hiyo si ni kama kuomba? Umeingia nyumbani kwangu, sijakupa kitu, halafu nianze kulia nipewe gari. Watu watasema nini? Hapana. Wewe umeona. Waambie wewe ulivyoona."

Nilirudi nikamwambia daktari nilivyoona. Nikamweleza korongo, minyaa, zizi. Alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Sista, nakuamini," akasema. "Lakini niandike nini? Matokeo: ameishia kwenye minyaa?"

"Andika hivyo hivyo."

"Halafu wa Nangwa ambaye nyumba yake iko barabarani? Na wa nchi nyingine, anayeishi ghorofani, yeye aishie wapi? Hili ndilo debe, sista. Hili ndilo debe tulilolikimbia."

Nilimchukia kwa dakika hiyo, na nilijua anasema kweli. Hata hivyo aliandika barua makao makuu ya utafiti kuomba mzee achukuliwe kwa hali ya pekee. Jibu lilikuja la heshima sana. Walisema wanaelewa. Walisema kituo kimoja kikianza kutumia macho ya wauguzi wake badala ya dodoso, vituo vyote vitadai vivyo hivyo, na kazi ya miaka itaharibika. Kama kuna shaka juu ya majibu, watamtuma msimamizi aje kuyahakiki.

Nilifurahi kama mtoto. Nilifikiri mtu mwenye macho yake akifika ataona.

Msimamizi alikuja na gari, tukaliacha barabarani kwa sababu ya korongo, tukatembea. Alikuwa kijana mstaarabu, alimwamkia mzee vizuri. Na mzee, alipoona mgeni ametoka mbali hivyo, na ni mgeni wa kiume, mkubwa wa kazi, alikaa wima kwenye kigoda kuliko nilivyowahi kumwona. Alijibu maswali yote kwa sauti. Hakuna shida. Hakuna shida. Alama zikapanda kuliko nilizokuwa nimeziandika mimi. Mke wake alisimama mlangoni akiuma kona ya khanga yake. Nilimtazama nikitumaini atasema. Mke hawezi kumkatiza mumewe mbele ya mgeni, nami nilijua hilo kabla ya kumtazama.

Kisha wakati wa kuondoka ukafika, na mzee akanyanyuka, akachukua mkoba wa msimamizi.

"Mzee, acha nibebe mwenyewe," msimamizi akasema.

"Mgeni habebi," mzee akajibu.

Tukapita zizi. Nilikuwa nyuma, nikiona mishipa ya shingo yake imesimama. Tukapita minyaa. Tukapita mbaazi. Ukingoni mwa korongo nikasema, "Mzee, hapa panatosha." Hakunijibu. Akashuka na mkoba, akapanda na mkoba, akasimama kila baada ya hatua chache akijifanya anaonyesha mlima Hanang, mawingu yake, mpaka wa shamba la jirani. Alionyesha kwa kidole tu. Njia nzima hakusema neno, maana hakuwa na pumzi ya kusemea. Palepale, mahali ambapo angesema "kuna jambo", hakuweza kusema kitu. Msimamizi alikuwa akitafuta mtandao kwenye simu yake.

"Mzee mkimya, lakini ana nguvu," aliniambia garini. "Mnanitoa mbali kwa mtu anayebeba mkoba kupita korongo?"

Nikafungua mdomo nikaeleza kila kitu, kusindikiza, njiani, pumzi. Nilieleza vibaya, kwa hasira, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu mwenye njama zake. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema ni utamaduni mzuri.

Baadaye mke wa mzee aliniambia kwamba baada ya ziara ile mumewe alilala ameketi, siku nyingi, na alimkataza kumwambia mtu.

Mvua zilianza. Daktari akasema ameshindwa na karatasi, basi ataomba gari la hospitali, la kawaida, na atakwenda kumchukua mwenyewe maji ya korongo yakipungua kiasi cha kumvusha amebebwa. Nami nilikwenda kwa ziara yangu ya mwisho kwenye ratiba, nikavuka korongo nimevua viatu.

Mzee alikuwa kwenye kigoda karibu na moto, ndani ya koti lake ambalo sasa lilimzidi. "Karibu, binti yangu," akasema. Nilisoma maswali. Niliyasoma polepole kupita kiasi, nikimwacha baada ya kila moja, nikimtazama. Kutembea mahali tambarare? Alinitazama naye. Nadhani alinihurumia.

"Hakuna shida," akasema.

Niliandika hakuna shida. Mkono ulikuwa wangu na sikuweza kuufanya uandike kitu kingine, maana ndicho alichosema.

Tulikunywa chai. Nilipoinuka, yeye hakuinuka. Alishika magoti yake kama mtu anayetaka, kisha akayaachia. "Leo mama atakusindikiza," akasema. "Mimi nina kazi kidogo."

Mikononi hakuwa na kitu. Hakuna kazi yoyote iliyokuwa mbele yake ila moto. Nilimshika mkono, nikamwambia gari linakuja, la daktari mwenyewe, wala halihitaji maswali. Akasema ni vizuri, waje, watapewa chai.

Kabla maji ya korongo hayajapungua, taarifa ilitufikia. Alikuwa amefariki kwake, asubuhi, akiwa ameegemea ukuta.

Nilikwenda baada ya maziko, kwa sababu utafiti ulidai fomu ya kufunga. Hiyo ilikuwa fupi. Mshiriki yu hai au amefariki. Hapo hakuna nchi inayojibu tofauti na nyingine, na sikuhitaji kumwuliza mtu. Nilimaliza kuandika nikiwa bado nimesimama, nikaona aibu, nikaketi.

Mke wake alinipa chai, akauliza habari za Katesh, nikasema nzuri. Nikamwuliza habari za hapa, akasema nzuri. Kisha nikaaga, naye akajitanda khanga, akaupokea mkoba wangu.

"Mama, baki na watu wako," nikamwambia. "Umechoka."

"Alisema usiachwe utoke peke yako," akajibu. "Alisema nikufikishe barabarani, si katikati."

Tukapita zizi. Tukapita minyaa na mbaazi. Ukingoni mwa korongo nilidhani atasimama, akashuka, nami nikashuka nyuma yake. Tulipoanza kupanda ng'ambo akapunguza mwendo, nikajua kuna jambo.

"Hiyo karatasi yenu," akasema bila kugeuka. "Sasa imejua kwamba alikuwa anaumwa?"

"Imejua, mama."

"Haya," akasema.

Akanifikisha barabarani, akasimama nami na mkoba wangu mkononi mpaka pikapu likaja.